Alama ya Mangungo na hela iliyo mfukoni mwako

Toleo lililopita niliponyokwa na sentensi moja tu: kwamba Mangungo wa Msovero, yule chifu wa Usagara aliyetia alama kwenye mkataba wa Mjerumani Carl Peters mwaka 1884, ameonewa na vitabu vyetu. Niliichomeka mwishoni mwa jibu la mambo ya mitihani, nikasahau. Wasomaji hawakusahau. Bahasha ya kaki ninayowekea risiti za umeme sasa imejaa barua zenu, na karibu zote zinauliza habari za ukoloni. Basi mwezi huu tuyaache mengine. Nimefundisha historia miaka 31, nimestaafu, na sasa ninayo nafasi ya kukiri yale niliyoyafundisha vibaya.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro. Unasema Mangungo ameonewa, lakini si ndiye aliyeuza nchi kwa nguo na pombe? Hata wanasiasa wakitaka kusema mkataba ni mbovu, humtaja yeye. Ameonewaje?

Marahaba mwanangu. Nianze na aibu yangu. Kwa miaka mingi nikifika kwenye somo hili darasa zima lilikuwa likicheka, na mimi nacheka nalo. Chifu kapewa kinywaji, katia alama, nchi imekwenda! Siku moja binti wa dawati la nyuma hakucheka. Akaniuliza, "Mwalimu, ule mkataba uliandikwa kwa lugha gani?" Nikamwambia Kijerumani. Akasema, "Sasa yeye alitia alama kwenye nini?" Kengele ikalia, na mimi nikaishukuru kengele.

Tuutazame mkataba wenyewe. Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akiitafutia nchi yake koloni, alikuwa kijana wa miaka 28 alipofika Unguja Novemba 1884 na wenzake wachache. Serikali yake ilikwisha kumwarifu kwamba asitegemee ulinzi wowote. Alivuka mpaka Sadani, akapanda bara, na katika muda wa wiki tano hivi akazunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akarudi pwani na mikataba 12 mkobani. Wa Msovero una tarehe ya Novemba 29. Unasema Mangungo anampa Peters nchi yake yote, na haki zake zote, kwa muda wote. Yeye anapata nini? Anaahidiwa kwamba Wajerumani watakapoanza kuikalia Usagara, Msovero itaangaliwa kwa namna ya pekee. Ndiyo hivyo tu, kuangaliwa.

Sehemu ninayoipenda zaidi, kama neno kupenda linafaa hapa, ni ya mwisho. Karatasi inasema mkalimani alimweleza chifu kila kitu waziwazi, kisha chifu akaulizwa, akajibu kwamba yeye hayuko chini ya Sultani wa Unguja na wala hajui kama kuna mtu wa namna hiyo. Hebu fikiri. Usagara ilikuwa njia ya misafara. Wapagazi na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita pale mwaka hadi mwaka, bendera nyekundu ya Sultani mbele. Ni kama leo mtu wa Chalinze akuambie hajawahi kusikia habari za Dar es Salaam. Sentensi ile haikuandikwa kwa ajili ya Mangungo. Iliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekaa Berlin, mwenye kutaka kujua jambo moja tu: nchi hii ina mwenyewe? Kule Nguru siku chache kabla, Peters alipata karatasi nyingine ambamo mtumishi wa Sultani mwenyewe, Salim bin Hamid, anatangaza kwamba bwana wake hana mamlaka bara. Unaona kazi ilivyofanywa.

Na Mangungo alielewa nini? Hakuacha maandishi, kwa hiyo nakupa maoni yangu, uyachukue kama maoni. Siku zile kulikuwa na hongo. Usishtuke, neno hilo halikuwa na uchafu lilio nao leo. Hongo ilikuwa malipo ya halali: msafara ukipita nchi ya mtu, unampa nguo, shanga, waya, naye anawapa ruhusa, maji na usalama. Mgeni amekuja na nguo na kinywaji, anataka urafiki, anataka kuweka bendera yake kama wengine walivyoweka. Chifu akamkubalia. Ardhi haikuwa mali yake ya kuuza. Yeye aliishika kwa niaba ya walio hai na walio kaburini. Tunamwita mjinga mtu aliyepokea hongo kwa desturi ya kwao, lakini aliyeandika "kwa muda wote" kwenye karatasi ambayo mwenzake hawezi kuisoma tunamwita nani?

Halafu kuna hili, na ndilo lililonifanya nibadili somo langu miaka ya mwisho. Mkutano wa Berlin, ule wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika, ulifungwa Februari 26, 1885. Kesho yake, Februari 27, Kaiser akaitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Peters. Sultani Barghash akapinga kwa simu ya maandishi. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, ndipo akanyamaza. Kama alama ya Mangungo ilitosha kuuza nchi, manowari za nini? Na mwaka 1888, kampuni ilipokuja kuichukua pwani, mbona Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Sadani waliwasha moto wote ule? Nchi ilichukuliwa kwa mizinga. Karatasi ya Msovero ilikuwa ya kuwaonyesha Wazungu wenzao.

Hujambo Mwalimu, ni msomaji wako wa Taveta, Kenya. Babu yangu alishikilia kwamba mpaka wetu umepinda kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Kweli?

Sijambo, ndugu yangu. Babu yako alikuwa na hadithi tamu, nami sitaki kumkosea heshima, ila tarehe zinamkataa. Mpaka ulipatanwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Kaiser wa wakati ule alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria. Mjukuu, Wilhelm wa Pili, alitawazwa 1888.

Kilichopinda mstari ni biashara. Mwakilishi wa Wajerumani, Jühlke, alikwisha pata mkataba wa Mandara wa Moshi mwaka 1885. Waingereza nao walikuwa na madai yao ya kule kupitia Harry Johnston, aliyekaa mlimani 1884. Sultani hakubaki nyuma, akamtuma jenerali wake Mathews kwenda kusimika bendera. Mandara aliwapokea wote! Mwisho wake Mjerumani akachukua mlima, Mwingereza akabaki na Mombasa na njia ya kwenda ziwani, na Taveta yenu ikaangukia upande wa kaskazini. Chora mstari kutoka mdomo wa mto Umba kwenda Ziwa Victoria, ukifika mlimani uzungushe kwa juu. Mchagga wa Rombo aliyekuwa akienda soko la Taveta hakuulizwa, ila soko hakuliacha.

Na kwa kuwa tumeutaja mlima: Peters alirudi kama mkuu wa serikali huko Kilimanjaro, akamnyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika aliyekuwa akiishi naye. Huku watu walimwita Mkono wa Damu. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi 1897.

Mwalimu, shikamoo. Nasoma chuo Dodoma. Kuna tofauti gani kati ya ubeberu na ukoloni? Wahadhiri wanayatumia kama neno moja. Na kwa nini beberu, mnyama asiye na hatia?

Marahaba. Asiye na hatia? Wewe hukufuga mbuzi. Beberu ananuka kabla hujamwona, na akiingia zizini analihesabu zizi zima kuwa lake, ingawa ua hakuujenga yeye. Aliyelichagua neno hili kwa ajili ya siasa alikuwa mtu wa kijijini, ninaamini hivyo.

Ukoloni ni bendera, mkuu wa wilaya, kodi, mahakama. Mgeni amehamia na anatawala mwenyewe. Ubeberu ni ile nguvu na tamaa ya kuyaendesha mambo ya wengine, bendera iwepo isiwepo. Mfano upo karibu. Mwaka 1873 Unguja ilikuwa nchi yenye Sultani wake na bendera yake. Balozi wa Uingereza, John Kirk, alimwambia Barghash atie saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, la sivyo manowari zitaizingira Unguja, kisiingie wala kisitoke kitu. Akatia saini. Kufunga soko lile lilikuwa jambo jema, nitalirudia, lakini tazama namna amri ilivyotolewa. Ukoloni wa Unguja ulikuja 1890. Ubeberu ulikuwa umekwisha kaa sebuleni miaka kadhaa.

Wahadhiri wako watakupa na majina mawili makubwa. Mwingereza Hobson, 1902, alisema matajiri wachache wa Ulaya walikuwa na fedha nyingi kuliko walivyoweza kuzitumia kwao, kwa sababu wafanyakazi wao walilipwa kidogo mno kuweza kununua bidhaa, basi wakazisukuma serikali ziwatafutie pa kuziweka. Lenin, katika kitabu kilichotoka 1917, akaenda mbali zaidi: mabenki na makampuni makubwa yamekwisha kula kwao, sasa yanagawana dunia. Nimeyafundisha yote mawili, na bado nayaona yana nguvu. Reli na mkonge huwezi kuvielewa bila hayo.

Ila Peters hakuwa na benki. Alikuwa msomi wa falsafa aliyekwenda kukaa kwa mjomba wake London, akaona kijana wa Kiingereza anavyotembea kama mwenye dunia, na yeye Mjerumani hana lolote la kujivunia. Aliandika mwenyewe kwamba alichoka kuhesabiwa miongoni mwa watu duni, akataka awe wa taifa la mabwana. Hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakikaa kimya. Mtu anaweza kuja kukutawala kwa sababu tu ametoka kudharauliwa mahali pengine.

Mwalimu, huku Murang'a wazee waliita kipande "mbugi". Je, Tanganyika nanyi mlivishwa?

Mbugi ni kengele ya mbuzi, kwa wasiojua Kikuyu. Barua hii ilikuja siku moja na ile ya beberu, nikacheka peke yangu jikoni.

Cha Kenya kilikuwa kitambulisho. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, kuanzia 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alibeba karatasi yenye alama za vidole na habari za mwajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kutia saini, wewe mtoro. Harry Thuku alipoanza kukipinga pamoja na kodi, walimkamata Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe wakapigwa risasi. Cha Tanganyika kilikuwa kitu kingine, nitakieleza mwisho, maana ninacho kimoja nyumbani.

Mwalimu mwenzangu, mimi ni mkuu wa shule mstaafu, Bagamoyo, nimekuzidi umri. Unawalaumu Wazungu kila toleo. Nani alikomesha utumwa? Mji huu ulijaa minyororo kabla yao.

Shikamoo kaka yangu. Nakubali karipio, na nakubali minyororo. Waliopigana na Wajerumani pwani mwaka 1888 wengine walikuwa na mashamba na watumwa wa kuyalima, na mimi simwiti mtu mtakatifu kwa kuwa alinyongwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Alikuwa shujaa wa watu wake na alikuwa bwana shamba, yote mawili.

Lakini nani alikomesha? Januari 1889 Bismarck, chansela wa Ujerumani, alihitaji fedha za kuzima vita ile, na bunge lake halikutaka kutoa senti kwa ajili ya kampuni ya Peters. Ndipo utumwa ukatolewa kama hoja. Sheria iliyopitishwa ilisema fedha ni za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki. Marki milioni 2. Kwa fedha hizo Wissmann, afisa aliyetumwa kuizima vita, akaajiri askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, akaja na mizinga.

Walipokwisha kushinda, waliwaacha huru watumwa? Hapana, kaka. Kuuza na kununua kwenye soko la wazi walikuzuia, lakini utumwa wenyewe waliuacha uendelee, maana mabwana wa pwani ndio maliwali na maakida wao, yaani watawala wa chini yao. Mtumwa aliweza kujikomboa kwa kulipa, akapewa hati ya uhuru yenye muhuri. Mwaka 1904 wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Mama anabaki mtumwa, mtoto huru, nyumba moja! Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilitoka 1922, Mjerumani amekwisha ondoka. Unguja ilikuwa 1897, miaka saba baada ya Mwingereza kuichukua, na waliolipwa fidia ni mabwana.

Sisemi kwamba wote walikuwa waongo. Livingstone aliposimama Cambridge mwaka 1857 kuwaambia vijana waje kuifungulia Afrika njia ya biashara na Ukristo, naamini aliyasema kwa moyo. Wamisionari wa Bagamoyo waliokuwa wakiwakomboa watoto walifanya hivyo kabla Peters hajamaliza shule. Ninachosema ni kwamba imani ya kweli ya mtu mmoja ilikuja kutumiwa na mwingine kuombea fedha bungeni. Na vita ya 1914 ilipofika, wanaume wetu walikamatwa vijijini kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi yote mawili, wakafa maelfu kwa maelfu kwa njaa na kuhara. Jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza tunalitaja kila tukienda sokoni. Kariakoo.

Mimi wa Mombasa. Nimesikia Pwani yetu haikuwa koloni. Ni utani?

Kisheria si utani. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Unguja, na Waingereza waliukodi tangu 1895. Bara ndiyo iliyofanywa Koloni la Kenya mwaka 1920. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Ngome ya Yesu mpaka 1963. Tanganyika pia, ukifungua makaratasi, haikuwa koloni la Mwingereza: ilikuwa chini ya udhamini, kwanza wa Shirikisho la Mataifa, kisha wa Umoja wa Mataifa tangu 1946. Udhamini huo haukuwa bure, maana ulitupa mahali pa kupeleka malalamiko, na Mwalimu Nyerere alipokwenda New York 1955 alikwenda kwa mlango huo. Ila muulize mzee wa Lindi au wa Kilifi aliyekuwa akilipa kodi kama aliisikia tofauti.

Lakini si walituachia reli?

Barua nzima ndiyo hiyo, bila salamu. Tazama ramani basi. Ya Tanga ilianza 1893, ikafika Moshi 1911. Ya Dar es Salaam ilianza 1905, ikafika Kigoma 1914. Zote zinatoka kwenye mazao kwenda kwenye meli. Hizo mbili hazikushikana mpaka 1963, tulipounganisha Ruvu na Mnyusi wenyewe. Zaidi ya miaka 50, mtu wa Korogwe akitaka kwenda Morogoro kwa treni hana njia, lakini katani yake inafika Hamburg. Na salamu haigharimu kitu.

Shikamoo Mwalimu, ni mjukuu wa Wangoni, Songea. Rais wa Ujerumani alikuja kwetu, akaomba msamaha. Nyumbani wazee wamegawanyika. Wewe unaonaje?

Marahaba mjukuu wangu. Frank-Walter Steinmeier alikuja Novemba 1, 2023, na niliyasikiliza maneno yake redioni nikiwa nimeshika kisu cha vitunguu, kwa hiyo machozi yangu usiyahesabu sana.

Kwa msomaji ambaye hajafika Songea: vita ya Majimaji ilianza Julai 1905 Nandete, milima ya Matumbi, watu walipong'oa miche ya pamba ya serikali. Kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, alipaswa kuwa na shamba la pamba, na watu walilimishwa siku 28 kwa mwaka, wakati mashamba yao wenyewe yanangoja. Aliyechelewa alionja kiboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano. Kinjikitile wa Ngarambe alikuwa amewapa maji na jambo kubwa kuliko maji: wazo kwamba Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mngoni wanaweza kupigana vita moja. Walimnyonga mapema, Agosti 1905 Mohoro, na vita ikaenda mbele bila yeye. Gavana von Götzen alipoona risasi hazitoshi alichoma maghala na mashamba. Njaa ndiyo iliyoua zaidi. Wajerumani wenyewe walikisia watu 75,000. Wanahistoria wetu wanasema mpaka 300,000.

Na Februari 27, 1906, Songea, walinyonga watu 67 siku moja. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, walimnyonga siku chache baadaye. Niliwahi kuweka tarehe hizo ubaoni bila kuona kwamba Februari 27 ndiyo siku ileile Kaiser alipotia saini hati ya Peters, miaka 21 kabla. Mwanafunzi ndiye aliyenionyesha. Haina maana yoyote, ni kalenda tu, lakini tangu hapo siwezi kuiandika tarehe hiyo bila kusita.

Unauliza ninavyoona. Msamaha nimeusikia, na afadhali umesemwa kuliko usingesemwa. Lakini familia ya Nduna bado inatafuta kichwa chake, kinachoaminika kilipelekwa Ujerumani, na Rais yule aliahidi kusaidia kukitafuta. Cha Mkwawa, chifu wa Wahehe, kilitajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na kilirudi 1954. Wazee wenu wakigawanyika, wewe wasikilize wote wawili, kisha uliza: tumefika wapi na lile fuvu?

Mwalimu, mimi ni dereva wa bodaboda Muheza. Sikusoma sana. Nisichoelewa ni kimoja: watu wachache vile waliwezaje kututawala wote? Bunduki haziwezi kuwa kila kijiji.

Hili ndilo swali la mwezi, na limetoka kwa asiyesoma sana! Kaa nami kidogo, maana Muheza ni kwetu.

Weka mkono mfukoni utoe hela. Hiyo hela, neno lenyewe, ni Kijerumani. Mwaka 1904 waliigawa rupia kuwa Heller 100, na wazee wetu wakaiita hela. Sarafu iliondoka na Mjerumani, neno likabaki. Kwa nini liliingia kila kijiji? Kwa sababu kila kijiji kilitakiwa kulipa kodi. Kodi ya nyumba ilianza 1898, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba, na polepole ikadaiwa kwa fedha taslimu tu. Una mahindi, una ng'ombe, una afya, lakini fedha hizo huna. Ziko wapi? Kwa mwenye shamba. Huhitaji bunduki kila kijiji, mwanangu. Unahitaji jumbe mwenye orodha, na akida wa kumtisha jumbe. Waingereza walipokuja waliweka machifu mahali pa maakida. Gavana Cameron aliipitisha sheria yake 1926 na kuiita heshima kwa mila zetu. Orodha iliendelea.

Babu yangu mzaa baba alitoka Njombe kwa ajili ya orodha hiyo. Bibi alisimulia kwamba ikifika zamu ya kuhesabu nyumba, ndugu walibanana nyumba moja kama kuku, nyingine wakaifanya ghala. Mwaka 1948 haikusaidia. Babu akaandikishwa na watu wa Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta vibarua, akapewa namba, na ndiyo sababu waliitwa manamba. Lori, treni, kisha lori tena mpaka shamba moja ng'ambo ya mto Pangani. Aliondoka kwa miaka miwili. Hakurudi Njombe ila kuzika.

Yeye alikata majani. Wengine walikuwa korona, ule mtambo wa kukamua mkonge (mwaka 2020 wazee wa huku walicheka sana waliposikia ugonjwa una jina hilo). Mfumo ulikuwa kipande: kadi yenye vyumba 30. Ukitimiza kazi ya siku, karani anatia alama. Kazi haikutimia, mvua imekukatisha, unaumwa, chumba kinabaki kitupu. Unalipwa kadi ikijaa. Basi ukifika alama 20 huwezi kuondoka, maana jasho lote liko kwenye karatasi ambayo haijawa fedha. Hakuna mnyororo, hakuna mlinzi. Kadi inamlinda mtu kuliko mbwa.

Babu alipofariki tulikuta kopo la majani ya chai chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa zilizokunjwa kwa mpangilio wa miaka, na kipande kimoja. Kina alama 26. Vyumba vinne vitupu. Baba hakujua kwa nini, na babu hakuwahi kukitaja. Lakini chumba cha 17 hakina alama ya karani kama vingine. Kina herufi K, kwa penseli, imezungushiwa duara. Nimewauliza wazee watatu waliofanya kazi mkonge. Mmoja alisema ni "kosa", mwingine "kiboko", wa tatu alisema karani wao hakujua kuandika K.

Kama kuna msomaji aliyewahi kuwa karani wa mkonge, au baba yake alikuwa, na anaijua alama hiyo, aniandikie kwa anwani ileile.